Kichupa cha Mvuto na Nyuki wa Sikonge

Ndugu msikilizaji, mwangaluka! Kwa wale wasioelewa, hiyo ni salamu ya asubuhi ya Wanyamwezi, na leo nakusalimu hivyo kwa sababu mazungumzo yetu ya wiki hii yanatoka Tabora, mji wa maembe na asali.

Nilikwenda huko kwa msiba wa ukoo wetu. Matanga yalipovunjwa na watu kuanza kutawanyika, binti wa dada yangu aliniita pembeni chini ya mwembe. Akafungua pindo la kanga, akatoa kichupa kidogo kisichozidi kidole gumba, akanikabidhi. Kilikuwa na picha ya midomo miwili inayokaribiana, na chini yake maneno ya kujigamba kwamba ndani yake mna feromoni za binadamu.

"Mjomba," akasema, "wewe ni mtu wa redio, mnasoma mambo mengi. Niambie ukweli. Nimeibiwa, au sikukitumia vizuri?"

Kisa chenyewe ni hiki. Mumewe ni dereva wa lori. Hupakia mizigo Dar es Salaam na kuishusha Kigoma, na Tabora hupita kama mgeni. Wakati huo ilikuwa miezi mitatu hajalala nyumbani, na simu zake zilikuwa fupi kuliko salamu. Akatokea mchuuzi mmoja, mwanamke mwenye kauli tamu, anayepita nyumba kwa nyumba. Akamweleza binti yetu kwamba kila mwanamke hutoa harufu ambayo pua haiisikii lakini mwili wa mwanamume huitii. Kwamba wanawake wengine wakishazaa harufu hiyo huwakauka. Na kwamba dawa ni tone moja kila kwapa, asubuhi na jioni. Bei ilikuwa shilingi 45,000. Binti alitoa fedha zake za upatu, alizokusudia kununulia mkaa wa jumla ili auze rejareja.

Akapaka wiki mbili. Mume akaja, akalala siku mbili, akaondoka. Kilichobaki ni vipele vya kwapani na lile swali.

Nataka nikiri, msikilizaji. Sikuwa na jibu. Diploma yangu ni ya uandishi wa habari, si ya kemia, na neno feromoni nilikuwa nimelisikia kwa mbali kama watu wengi. Nilikitia kichupa katika mfuko wa shati, nikamwambia anipe siku chache.

Kesho yake nilikuwa na safari ya Sikonge, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Tabora, kumfuata mzee mmoja mrina asali ambaye hutuuzia asali ya nyumbani. Anayo mizinga ya magome katika msitu wa miombo, na mingine ya mbao ya kisasa. Tulipokuwa tunajiandaa kuingia msituni, yule mzee akasimama, akanusa upepo, akaniuliza nimepaka nini. Nikatoa kile kichupa, maana kilikuwa kimeanza kuvuja. Akakifungua, akakiweka mbali na pua kama mtu aliyeshika nyoka.

"Mwanangu, hiki kiache kwenye gari, na shati ubadilishe. Harufu ya ndizi mbivu haiendi mzingani."

Ni kweli, kilinukia kama zile pipi za ndizi za watoto. Nilifikiri mzee ananitania. Hakuwa akinitania, na hapo ndipo somo langu la feromoni lilipoanza.

Nyuki anapomuuma mtu, mwiba hubaki katika ngozi, na pamoja nao hutoka harufu kali inayofanana sana na ya ndizi mbivu. Harufu hiyo ni mbiu ya vita. Nyuki wengine wakiipata hawaulizi aliyeumwa ni nani wala amefanya nini; huja mbio na kuuma pale pale. Warina asali waliijua habari hiyo kwa uzoefu wao. Wanasayansi nao waliitambua kemikali yake kuu mwaka 1962. Moshi wa mrina asali, pamoja na kazi zake nyingine, hufifisha uwezo wa nyuki wa kuipata harufu hiyo, na hivyo mbiu inapigwa lakini askari hawaisikii.

Mzinga mzima huendeshwa kwa harufu. Malkia hutoa harufu yake, na kwa hiyo nyuki watenda kazi, ambao wote ni majike, hukaa bila mayai yao kukomaa. Mwondoe malkia, na baada ya saa chache tu mzinga huwa umekwisha kujua. Siku ya kuruka kwake angani kutafuta dume, harufu hiyo hiyo ndiyo inayowavuta madume kutoka mbali.

Hiyo ndiyo feromoni, msikilizaji. Ni kemikali inayotoka katika mwili wa kiumbe mmoja na kumfanya mwenzake wa jamii ile ile atende jambo fulani, au mwili wake ubadilike kwa namna fulani. Neno lenyewe lilitungwa mwaka 1959 na Peter Karlson na Martin Lüscher kutokana na maneno ya Kigiriki, moja la kubeba na jingine la kuchochea. Mwaka huo huo Adolf Butenandt wa Ujerumani na wenzake walitangaza feromoni ya kwanza kutambuliwa kemia yake, ile ambayo nondo jike wa hariri humwitia dume. Kazi hiyo iliwachukua karibu miaka 20, na ilihitaji nondo wapatao 500,000 ili kupata miligramu chache tu. Tafadhali iweke hesabu hiyo akilini, tutairudia.

Sasa wanyama wakubwa je? Samahani kwa wasikilizaji Waislamu, lakini mfano unaojulikana zaidi ni wa kitimoto. Nguruwe dume ana kemikali katika povu la mate yake. Nguruwe jike aliye katika joto akiinusa husimama kimya akimngoja dume, na wafugaji wa nchi za nje hununua kemikali hiyo katika makopo ya kupuliza ili kumtambua jike aliye tayari. Lakini angalia vizuri: jike asiye katika joto hupuliziwa na kwenda zake. Hata kwa nguruwe, harufu haimlazimishi asiye tayari.

Tuje kwa binadamu. Je, nasi tunazo?

Mwaka 1971 msomi kijana wa Marekani, Martha McClintock, alichapisha uchunguzi wake juu ya wanafunzi wa kike 135 waliokaa bweni moja. Alisema kwamba marafiki wanaoishi pamoja siku zao za hedhi husogeleana mpaka kukaribia kwenda sawa, na watu wakahisi kwamba kuna harufu ya siri inayowaongoza. Habari hiyo ilienea dunia nzima. Mpaka leo utawasikia kina dada wa hosteli wakiirudia.

Basi Beverly Strassmann akaenda kwa Wadogoni, nchini Mali. Huko, kwa mila, mwanamke aliye katika hedhi alikwenda kulala katika kibanda maalumu, kwa hiyo siku zilihesabika bila kuulizana sana. Alifuatilia jambo hilo kijijini kwa takriban miaka miwili, na wanawake wanaoishi na kufanya kazi pamoja hakuwakuta wakienda sawa. Mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 186 wa China yalitoka, nayo hayakuonyesha kwenda sawa.

Lakini mbona akina dada wanasema wameliona kwa macho yao? Fikiri habari ya minada. Kijiji kimoja kina mnada kila baada ya siku 7, jirani yake kila baada ya siku 10. Hakuna anayemwiga mwenzake, lakini iko siku lazima minada yote miwili itaangukia pamoja. Siku hiyo utaikumbuka kwa sababu uliikosa mmojawapo. Siku nyingine zote utazisahau.

Na hizi feromoni za vichupani zilitoka wapi? Zilianza kuvuma hasa mwaka 1991, katika mkutano mmoja mjini Paris uliogharamiwa na kampuni ya Marekani yenye maslahi ya biashara hiyo. Hapo zilitajwa kemikali mbili, moja iliyodaiwa kuwa ya wanaume na nyingine ya wanawake. Mwaka 2015 Tristram Wyatt wa Chuo Kikuu cha Oxford, ambaye maisha yake yote ya kazi ni feromoni, alirudi nyuma kutafuta ushahidi uliofanya kemikali hizo mbili zichaguliwe. Hakuupata. Watu walikuwa wamezipokea na kuzipima katika majaribio kadha wa kadha bila kwanza kuonyesha kwamba ni feromoni. Mwaka 2017 watafiti wa Australia waliwanusisha watu kemikali hizo huku wakiwaonyesha picha za sura. Hazikubadili jinsi walivyozitazama sura hizo, wala hazikumfanya mtu yeyote apendeze zaidi.

Iko na habari ya pua. Wanyama wengi wana kiungo cha pekee ndani ya pua kinachopokea feromoni. Binadamu naye huwa nacho akiwa tumboni mwa mama, lakini kwa mtu mzima hubaki kama kishimo tu, mishipa ya fahamu ya kukiunganisha na ubongo haionekani, na jeni muhimu za kukiendesha zimekufa. Hilo peke yake halimalizi shauri, kwa kuwa nguruwe hutumia pua yake ya kawaida. Lakini linamnyima muuza kichupa ile hoja yake ya harufu inayopita mlango wa nyuma.

Sasa rudisha mawazo kwa wale nondo 500,000. Ili kuipata harufu moja ya mdudu mmoja, mabingwa walitumia karibu miaka 20. Ya binadamu hakuna aliyeithibitisha mpaka leo. Lakini mchuuzi wa nyumba kwa nyumba anayo, tena katika kichupa kinachovuja.

Je, nasema harufu ya mtu haina kazi? Hapana, msikilizaji, usiniwekee maneno mdomoni. Ina kazi kubwa.

Jasho likitoka, lenyewe karibu halina harufu. Bakteria wa ngozi, hasa wa kwapani, ndio wanaolivunja na kutengeneza harufu, na tezi za kwapani zinazowalisha huanza kazi mtu anapobalehe. Kila mmoja wetu ana harufu yake. Mama aliyejifungua karibuni huweza kuitambua fulana ya mtoto wake kati ya fulana za watoto wengine kwa kunusa tu. Na mwaka 2009 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwamba umajimaji unaotoka katika vipele vidogo vya lile duara jeusi la titi la mama anayenyonyesha, ukisogezwa puani kwa mtoto wa siku 3, humfanya afungue mdomo na kutoa ulimi, hata kama mama huyo si wake. Wyatt mwenyewe anasema kama feromoni ya binadamu itapatikana, hapo ndipo pa kuanza kutafuta, kwa kichanga anayetafuta ziwa.

Na kama unataka kujua ni kiumbe gani anayevutwa kweli kweli na harufu ya mwili wako, jibu ni mbu. Pumzi yako na asidi za ngozi yako, hasa za miguuni, ndizo zinazomwelekeza gizani. Mwaka 2010 wataalamu wa Ifakara, wakiongozwa na Fredros Okumu, walitangaza kwamba wamechanganya kemikali zinazoiga harufu ya mtu na kuzitega katika nyumba za majaribio kwenye Bonde la Kilombero. Kwa mbali, mtego huo ulivuta mbu mara 3 hadi 5 kuliko mtu halisi aliyelala nyumba nyingine. Mwaka 2018 uchunguzi uliotumia soksi za watoto wa shule wa Kenya ulionyesha kwamba mtoto mwenye vimelea vya malaria hunukia kwa namna inayowavuta mbu zaidi. Harufu hiyo si feromoni, maana mbu si wa jamii yetu. Lakini ni harufu ya binadamu yenye nguvu iliyopimwa, ikahesabika, na wengine wakaipima tena. Hivyo ndivyo jambo la kweli linavyokuwa.

Nilirudi Tabora jioni nikiwa na asali dumu moja na shati la kuazima. Nikapitia njia ya Kwihara, penye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho. Hapo nilisimama kidogo nikafikiri juu ya biashara.

Tabora, ambayo Burton na Speke walipofika mwaka 1857 iliitwa Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea miezi kati ya hapa na Bagamoyo wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na wakarudi na merikani, kaniki na shanga. Wake zao nao walingoja kama anavyongoja binti yetu, tena bila simu. Watu wa pwani waliohamia Tabora na Ujiji walikuja na udi na marashi yao, na hata leo ukialikwa harusi Tabora utaukuta moshi wa udi umekutangulia mlangoni. Mwenye udi hakumdanganya mtu. Alisema unanukia, nao ulinukia.

Lakini kilichonijia hasa akilini ni shanga. Mfanyabiashara wa msafara aliyeleta shanga za rangi isiyotakiwa aliambulia kubaki nazo. Wenyeji walizitazama, wakazigeuza, wakasema hizi hatuzitaki, na mzigo uliobebwa miezi haukumnunulia hata kuku. Merikani ilipapaswa kwa vidole na kupimwa kwa mkono. Babu zetu ambao hawakusoma hata herufi moja hawakununua kitu kwa sababu tu kimetoka mbali na kina jina gumu. Sisi wajukuu wao tuliosoma, tukisikia neno moja la kisayansi tunafungua pindo la kanga.

Usiku ule nilimwita binti wa dada yangu. Nikamwambia, "Mama, umeibiwa. Wala hukukosea kukitumia."

Neno hili la pili ndilo lililomfanya alie. Mchuuzi alikwisha mwambia kwamba kama dawa haikufanya kazi basi ni kwa kuwa alioga mapema mno, au alipaka kidogo, au mwili wake umekauka kupita kiasi na anahitaji kichupa cha pili. Kwa hiyo zile 45,000 hazikuwa hasara pekee. Alikuwa amekaa wiki kadhaa akiamini kwamba mwili wake, uliomzalia mtoto, umeharibika.

Msikilizaji, hapo ndipo penye jeraha. Feromoni ya kweli haihitaji maelekezo. Sijasikia nyuki aliyelaumiwa kwamba hakunusa vizuri. Bidhaa inayoshindwa kazi halafu ikamgeuzia kibao mnunuzi, hiyo iogope kuliko nyuki wenyewe.

Nilimsihi aache kupaka kitu kile na aende zahanati kwa ajili ya vipele. Alikwenda. Kuhusu mumewe nilimwambia jambo ambalo halihitaji diploma yoyote, kwamba tone la kwapani halifiki Kigoma, lakini neno hufika. Alimpigia simu usiku ule ule, akamweleza yote, kichupa pamoja na hofu yake. Yule kijana akanyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba mwenye lori alikuwa hajamlipa, na alikuwa akikata simu upesi kwa aibu ya kuulizwa fedha za matumizi. Sisemi kwamba mambo yao yote yamenyooka. Deni lipo, na fedha za mkaa zimekwenda. Lakini sasa kila mmoja anajua mwenzake anaogopa nini.

Kichupa ninacho mezani hapa studio ninapozungumza nawe. Nimekifunga ndani ya mifuko miwili ya karatasi, na bado kinanukia ndizi. Mtu wa mitambo ameniuliza mara mbili nani amekula.

Ukibishiwa hodi na mtu mwenye kichupa kama hiki, mama au baba, usimtukane. Muulize tu maswali ya mnunuzi wa shanga: kimepimwa na nani, wapi, na kisipofanya kazi kosa litakuwa la nani? Halafu msikilize anavyojibu.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa, nasema kwa heri.